Uvumi wa A. Paul Weber, sebuleni kwangu Lübeck

Mnyama mrefu kama nyoka anapita hewani kando ya jengo kubwa la ghorofa. Pua imechongoka, masikio yamesimama, miwani usoni, na mwili wake umejaa macho na nyuso za watu. Madirishani wakazi wanachungulia, na wengine wameshachomoka kwenda kujiunga naye, naye anazidi kurefuka. Picha hiyo inaitwa Das Gerücht, yaani Uvumi. Aliichora A. Paul Weber, mchoraji Mjerumani, mwaka 1943, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, na baadaye akaitoa kama lithografia, yaani picha inayochapwa kutoka kwenye jiwe. Nakala yangu niliipata katika soko la vitu vya zamani hapa Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, na pembeni chini ina sahihi yake ya penseli.

Wageni wangu wengi ni Watanzania na Wakenya wenzangu. Mtu akishavua viatu tu, swali ni hilo: "Dada, hili dubwana la nini?" Nikiwatajia jina lake wanaguna, kwa sababu wanamfahamu vizuri. Sisi tulio ughaibuni redio mbao inatutesa kuliko walioko nyumbani. Barua za serikali zinakuja kwa Kijerumani kizito, kwa hiyo tunaamini zaidi ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye makundi ya simu: sheria ya vibali imebadilika, fulani amerudishwa kwao, ndoa ya fulani ni ya makaratasi tu. Nimemwona dada mmoja akitengwa na watu waliokuwa wakila naye Idi na Krismasi, kwa maneno ambayo hakuna hata mmoja aliyesimama kusema "ni mimi niliyeyasema". Aliuliza chanzo, akazungushwa toka kwa huyu hadi kwa yule, mwisho akahama mji. Wazee wetu walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tangu siku ile methali hiyo siitumii kabisa.

Ndiyo maana ile sahihi ya penseli ina uzito kwangu kuliko bei ya picha. Ili uone uzito huo, inafaa ujue lithografia inatengenezwaje. Ufundi huu ulibuniwa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, na Alois Senefelder katika miaka ya mwisho ya 1790. Kinachotumika ni bamba la jiwe la chokaa, na linalosifika zaidi linachimbwa Solnhofen, huko huko Bavaria. Msanii anachora juu ya jiwe kwa chaki au wino wenye mafuta, tena anachora kinyume, kulia kuwe kushoto. Kisha jiwe linapakwa asidi kidogo pamoja na gundi ya migunga (ile ambayo sehemu kubwa yake hutoka Sudan, jambo lililonifurahisha sana kulijua). Jiwe likiloweshwa, palipo wazi panashika maji, na palipochorwa, kwa kuwa pana mafuta, panayakataa. Ukipitisha rola ya wino, wino unashika penye mafuta tu. Karatasi inalazwa juu, mashine inakandamiza, na picha imetoka.

Jiwe moja linaweza kutoa nakala nyingi. Kwa hiyo msanii huzipitia, akiridhika na nakala anaitia sahihi kwa mkono, na mara nyingi huongeza namba: 12/100, kwa mfano, ni nakala ya kumi na mbili katika mia moja. Jina lililochorwa ndani ya jiwe linatokea lenyewe kwenye kila karatasi, lakini la penseli limeandikwa na mtu aliyeishika karatasi hiyo hiyo. Ni kama kusema: hii nimeiona, hii ni yangu, mkitaka kuniuliza niulizeni.

Na Weber ana mengi ya kuulizwa. Alizaliwa Arnstadt, Thuringia, mwaka 1893. Mwaka 1932, kabla Hitler hajashika madaraka, alichora umati wenye bendera za swastika ukipanda kilima, na upande wa pili wa kilima wote wanaporomokea ndani ya jeneza kubwa. Ilitoka katika kijitabu cha mwandishi wa siasa Ernst Niekisch kilichomwita Hitler balaa la Wajerumani. Mwaka 1937 Weber alikamatwa, akakaa kizuizini miezi kadhaa. Watu wengi huishia hapo na kumwita shujaa.

Mimi siwezi kuishia hapo. Mchoraji huyo huyo aliwahi kuchora picha za kuwadhalilisha Wayahudi, na mwaka 1941 michoro yake dhidi ya Uingereza ilitoka katika kitabu kilichotumiwa na propaganda ya Wanazi. Michoro hiyo inaonyesha ukatili wa kikoloni, ukatili uliokuwepo kweli, lakini ilikuwa ikiitumikia serikali iliyokuwa ikiangamiza watu wakati huo huo. Aliyeujua uvumi kiasi cha kuuchora hivi alikuwa naye ameulisha. Kwangu hilo haliiondoi picha ukutani. Linanifanya nisimame mbele yake kwa muda mrefu zaidi, na mgeni akiuliza ninamweleza yote mawili.

Baada ya vita aliendelea kufanya kazi hadi uzeeni katika kijiji cha Schretstaken, karibu na Mölln, ambako alifariki mwaka 1980. Alichorea jarida la kejeli la Simplicissimus, na kuanzia 1959 akawa anatoa kalenda yake ya picha za kukosoa: majaji, majenerali, mito iliyochafuliwa, wacheza sataranji wanaoviziana.

Anayetaka kuziona apande treni kutoka Lübeck kwenda Ratzeburg, safari fupi tu. Mji wa kale uko kisiwani, katikati ya ziwa, na makumbusho ya Weber, yaliyofunguliwa mwaka 1973, yako jirani na kanisa kuu la matofali mekundu. Ukifika, anza na ile picha ya jeneza. Kisha waulize wahusika kuhusu michoro ya mwaka 1941, hata kama umekwenda kwa ajili ya Uvumi peke yake.