Utandu wa gundi kwenye kioo cha nyuma

Kati ya ile mistari myembamba inayopasha moto kioo cha nyuma cha gari langu ili kuondoa ukungu, miwili ya chini haipati moto tena. Asubuhi ya baridi ukungu unayeyuka juu, unayeyuka katikati, halafu pale chini unabaki mkanda mweupe wa upana wa kiganja. Niliikata mwenyewe kwa wembe nilipokuwa natoa gundi ya tinti, na bado inaniuma, kwa sababu kioo chenyewe hakikuhitaji wembe hata kidogo.

Gari nililinunua likiwa limeshatumika miaka mingi. Tinti yake iliwahi kuwa nyeusi, lakini jua lilikuwa limeila rangi ikabaki zambarau, na malengelenge yamejaa. Nikaamua kuibandua. Plastiki ilitoka kwa vipande vipande, kila kipande kikiacha gundi yake kiooni. Usiku huo nikaendesha hivyohivyo. Taa za gari la nyuma yangu zilisambaa kioo kizima, nikashindwa kujua ni gari au pikipiki mbili zinazokwenda sambamba, wala liko mbali kiasi gani. Nilifika nyumbani mikono imekaza usukani, nikasema siendeshi tena usiku mpaka kioo hiki kitakate.

Siku ya pili nikaanza na kitambaa na maji. Gundi haikujali. Nikaleta mafuta ya taa: ililainika, lakini badala ya kutoka ikasambaa, ikawa utelezi wa manjano, na harufu ikakaa kwenye viti wiki nzima. Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia nikachukua wembe, nikaanzia kona ya chini. Nilikuwa nimekwangua mara tatu au nne hivi mdogo wangu alipotoka na ndoo.

"Dada, hebu simama kwanza. Pitisha ukucha hapo."

Nikapitisha. Nilihisi vijituta vyembamba.

"Hiyo mistari iko upande huu wa ndani, juu ya kioo. Ni rangi yenye madini ya fedha iliyochomewa hapo, umeme unapita ndani yake. Ukikata sehemu moja tu, mstari wote umekufa."

Miwili ilikuwa imeshakatika. Nilitamani angetoka nyumbani dakika tano mapema.

Baada ya hapo nikatulia, nikajifunza kwa nini gundi hii ni sugu. Gundi ya tinti kwa kawaida ni ya akriliki. Ikiwa mpya ni laini na inanyumbuka. Ikipigwa na jua na joto kwa miaka, molekuli zake zinafungamana zenyewe kwa zenyewe, inakuwa kama wavu mmoja mgumu. Wavu wa namna hiyo hauyeyuki ukaisha majini kama sukari. Unachoweza kufanya ni kuuvimbisha: kiowevu kinaingia taratibu, gundi inafura, inaachia kioo, ndipo unaiondoa ikiwa nzimanzima. Hii ndiyo sababu kusugua kwa nguvu mara tu baada ya kupuliza dawa hakusaidii. Dawa haijapata nafasi ya kuingia, na ikikauka gundi inarudi ilivyokuwa.

Kwa hiyo kazi yangu ya pili ilikuwa ya kungoja. Nilitandika taulo nene juu ya ule ubao wa nyuma ya viti, maana chini yake kuna spika na nyaya. Nikapuliza maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo mpaka kioo kikalowa chote, kisha nikabandika mfuko wa takataka niliouchana ukawa shuka. Sabuni iliushika ukatulia kiooni, maji yakashindwa kukauka. Gari nililiweka kivulini. Baada ya saa nzima niliinua kona, nikapuliza tena, nikaurudisha. Nusu saa nyingine. Nilipoufunua, gundi ilikuwa imegeuka nyeupe kama maziwa, na hiyo ndiyo dalili ninayoitafuta siku hizi. Ikiwa bado inang'aa kimanjano, haijawa tayari, rudishia mfuko.

Nilitumia kikwangulio cha plastiki, nikikifuatisha urefu wa mistari, kutoka kushoto kwenda kulia, kamwe si kuikatiza. Gundi ilijikunja mbele yake kama nta. Palipokuwa pagumu nilipuliza tena nikahamia sehemu nyingine. Haya yalinichukua alasiri nzima, na mgongo uliniuma kwa kujikunja kwenye kiti cha nyuma, lakini hakuna mstari mwingine uliokatika.

Vioo vya milango ni habari tofauti kabisa. Havina mistari hiyo, hivyo wembe unafaa, ila hakikisha kwanza kioo chako hakina nyaya za antena, maana kwenye baadhi ya magari zimechorwa kwenye vioo vya pembeni vya nyuma. Kabla ya wembe, osha kioo vizuri. Kinachochora kioo mara nyingi ni chembe ya mchanga iliyonaswa ndani ya gundi, kwa kuwa mchanga ni mgumu kuliko kioo, na wembe unaiburuta. Kioo kiwe kimelowa muda wote. Laza wembe, usiusimamishe, usukume kwenda mbele tu. Ukiurudisha nyuma unaburuta uchafu uliokwisha kukusanya. Nilibadilisha wembe kila kioo, na ule uliopata pengo nikautupa palepale.

Stika kwenye kioo cha mbele zilikuwa rahisi kuliko nilivyotegemea. Gundi za stika nyingi za karatasi hukubali mafuta. Nilichuna karatasi ya juu, nikapaka mafuta ya kupikia, nikaenda kufanya mambo mengine. Dakika ishirini baadaye nikazivingirisha kwa kidole gumba. Mafuta yenyewe lazima yatolewe, la sivyo umebadilisha utandu mmoja kwa mwingine: sabuni kwanza, kisha spiriti kwenye kitambaa safi.

Watu wawili walinishauri petroli. Nakuomba usifanye hivyo. Mvuke wake ndani ya gari lililofungwa unangoja cheche moja tu. Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, nayo inakula plastiki ya dashibodi na rangi ya mlango ikidondoka. Amonia inafanya kazi, sibishi, lakini ndani ya nafasi ndogo kama ile inachoma macho na kifua. Anayeitumia afungue milango yote, na asiichanganye hata kwa bahati mbaya na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, kwa sababu gesi inayotoka hapo ni sumu. Na kama kuna kioo chenye tinti unayotaka ibaki, amonia isikikaribie.

Kama ningeanza upya, ningeanzia kwenye kubandua kwenyewe. Ningeipasha tinti moto kwa draya ya nywele, nikiisogezasogeza bila kukaa mahali pamoja, halafu ningeivuta polepole nikiwa nimeilaza karibu na kioo. Ikiwa na joto, gundi nyingi hufuatana na plastiki. Nilivuta baridi, kwa haraka, ndiyo maana nikaachiwa gundi yote.

Bado kuna ukingo. Pembezoni mwa kioo kuna utepe mweusi wenye vidoti, rangi iliyochomewa kwenye kioo, na uso wake si laini kama kioo, hivyo unashikilia gundi. Hapo nilitumia mswaki wa zamani na spiriti, polepole, sentimita chache kwa wakati. Kujua kama nimemaliza, nilirushia maji: kioo safi hulowa sawasawa, penye gundi maji hukwepa. Kisha usiku nikamulika tochi kwa mshazari, nikakuta alama tatu ambazo mchana sikuziona.

Jana nimeendesha usiku kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Gari lilikuwa nyuma yangu, nikaona taa mbili zilizoachana vizuri, na lilipotaka kukata kona niliona hata indiketa yake ikiwaka. Nimeagiza ile rangi yenye chembe za fedha ya kuunganishia mistari iliyokatika. Imeshafika, nasubiri siku kavu ya kuipaka.