Kichujio chembamba kilichoificha nebula
Kichujio changu cha haidrojeni-alfa (mwanga mwekundu wa gesi ya haidrojeni), kinachopitisha ukanda wa mwanga wenye upana wa nanomita 3, kilikuwa nyuma ya lenzi ya f/2, yaani yenye tundu pana sana, ili kizuie mwanga wa taa za mji na kuupitisha ule wa nanomita 656.3 pekee, hata hivyo Nebula ya Rosette, wingu la gesi angani, ilitoka hafifu, ilhali nyota zilionekana vizuri. Kurefusha muda wa kila picha hakukusaidia, wala kulenga upya.

Tatizo lilikuwa pembe: miale ya ukingoni mwa lenzi pana hukifikia kichujio kwa mshazari, hivyo ukanda wa mwanga kinaoupitisha husogea kuelekea mawimbi mafupi na kuuacha mwanga wa nebula nje. Nilibana tundu hadi f/4, ingawa hupitisha robo tu ya mwanga wa f/2, nikalenga kichujio kikiwa mahali pake. Picha iliyofuata ilionyesha hata uwazi wa katikati ya nebula.