Nilivyoitoa sera ya unyanyasaji wa kingono kabatini ikaanza kufanya kazi

Ushauri ambao mwajiri hupewa mara nyingi ni huu: pakua sera kwenye intaneti, badilisha jina la kampuni, kila mfanyakazi atie sahihi, kisha uweke kwenye faili. Nimeusikia hata kwa washauri wanaolipwa vizuri, na kila nikiusikia nakasirika. Karatasi ya namna hiyo huanguka wakili anapouliza swali moja tu: dada huyu alipoguswa, alitakiwa kumwambia nani? Kazi ya kuiweka upya sera hii niliifanya katika kiwanda chenye zamu za mchana na usiku, vibarua wengi, na walinzi walioajiriwa na kampuni nyingine. Inafanya kazi, na sehemu kubwa ya mafanikio hayo imetokana na jibu la swali hilo.

Kwa Kenya, msingi ni kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima atoe sera ya maandishi, tena baada ya kushauriana na wafanyakazi au wawakilishi wao. Sera hiyo ieleze unyanyasaji wa kingono ni nini kama sheria inavyousema. Kwamba kila mfanyakazi ana haki ya kufanya kazi bila kunyanyaswa. Kwamba mwajiri atachukua hatua kuuzuia na atamwadhibu anayeufanya. Njia ya kuleta malalamiko. Na kwamba jina la mlalamikaji na mambo yaliyompata hayatatajwa kwa yeyote, isipokuwa pale uchunguzi au hatua za nidhamu zinapolazimu. Kisha kila mtu aliye chini ya mwajiri huyo ajulishwe. Mwenye wafanyakazi 12 asidhani ameachiliwa: kinachompita ni wajibu wa kuandika sera, na si ruhusa ya kunyanyasa watu.

Maana ya kisheria niliinakili yote bila kuifupisha. Sera nyingi hubakiza kushikwashikwa na kuombwa ngono kwa ahadi ya cheo au kwa tishio la kufutwa. Sheria inataja pia maneno ya kingono, ya kusemwa au ya kuandikwa, na picha. Kwa hiyo kundi la WhatsApp la zamu ya usiku limo, na video anazotumiana supavaiza na vijana wake zimo. Kutoka Mkataba nambari 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2019 na kuanza kutumika 2021, nilichukua mawanda yake: tukio moja linaweza kutosha, wanagenzi na wanaotafuta kazi wanalindwa, na mahali pa kazi ni pamoja na bafu, chumba cha kubadilishia nguo, safari za kikazi, nyumba zinazotolewa na mwajiri na njia ya kwenda na kurudi kazini. Hakuna sheria inayomkataza mwajiri kuandika zaidi ya kile kiwango cha chini.

Mashauriano wengi huyaruka, halafu hushangaa sera ikikataliwa. Mimi sikuitisha mkutano mmoja mkubwa. Mbele ya mameneja hakuna atakayesema kitu. Tuligawa watu kwa zamu, wanawake peke yao na wanaume peke yao, vibarua kando na wa kudumu, na kila kikundi kikaulizwa jambo lilelile: ni pahali gani hapa kazini hupendi kubaki peke yako, na ni nani ana uwezo wa kukunyima kazi kesho? Majibu ndiyo yalionyesha hatari ilipo. Stoo yenye taa mbovu. Anayepanga orodha ya vibarua kila asubuhi bila kuulizwa na mtu. Basi la saa sita usiku. Andika tarehe, waliohudhuria na yaliyosemwa, kisha onyesha kwenye sera kipi kilibadilika kwa sababu hiyo. Ukidaiwa ushahidi wa mashauriano, hizo kumbukumbu ndizo utakazozitoa.

Sasa njia ya malalamiko, ambako hela na matumaini mengi hupotea. Mshauri mmoja alikuwa amependekeza sanduku la malalamiko, na likatundikwa. Sanduku zuri la chuma, na kufuli. Lakini lilikuwa kwenye ukuta wa mapokezi chini ya kamera ya usalama, kwa hiyo kila aliyelikaribia alirekodiwa. Ufunguo alikuwa nao karani wa ofisi ambaye mkubwa wake ndiye aliyelalamikiwa zaidi. Hapakuwa na siku maalumu ya kulifungua. Karatasi zilizopatikana ndani ziliandikwa kitu kama "supavaiza ana tabia mbaya", bila tarehe, bila pahali, bila kusema supavaiza yupi, na kwa kuwa mwandishi hajulikani, hakuna wa kumrudia na kumuuliza. Pia hakujibiwa mtu, kwa sababu sanduku halijibu. Baadaye watu walilitumia kuomba chakula bora. Ukitaka sanduku libaki, liwekwe pasipo na kamera, lifunguliwe na watu wawili kila Jumatatu, na fomu zake ziwe na maswali: nini, lini, wapi, nani alikuwepo, tukufikie vipi. Lakini lisiwe mlango pekee.

Milango niliifanya mitatu, na sharti ni kwamba yote isiishie kwa bosi mmoja. Wa kwanza ni mwanamke na mwanamume waliochaguliwa na wafanyakazi wenyewe, mmoja wao akiwa zamu ya usiku. Wa pili ni laini ya simu ya kampuni iliyo kwa afisa asiyepanga zamu wala kulipa mishahara. Wa tatu ni mjumbe wa bodi, kwa malalamiko dhidi ya mkurugenzi au ya idara ya wafanyakazi yenyewe. Huu wa tatu ndio sera nyingi hazina. Majina na nambari zimebandikwa ndani ya milango ya vyoo, kwa Kiswahili, kwani huko mtu anaweza kunakili nambari bila kutazamwa.

Kisha kuna mbinu ninayoipenda kuliko zote: jaribu mlango kabla haujahitajika. Kwa makubaliano na mkurugenzi, mtu wa idara nyingine anapiga ile simu usiku wa Jumamosi na kutoa malalamiko ya kubuni. Tunaangalia: imepokelewa? Aliyepokea aliuliza kwanza kama mpigaji yuko salama? Aliandika kwenye daftari? Mpigaji alijibiwa ndani ya siku mbili za kazi? Zoezi moja hufichua mengi: simu imezimwa, haina chaji, au aliyepokea anasema "rudi ofisini Jumatatu." Gharama ni dakika chache za simu. Rudia kila baada ya miezi michache bila kutangaza siku.

Daftari la malalamiko linatumia nambari pekee. Majina yanayolingana na nambari hizo yako kwenye bahasha iliyofungwa, sefu nyingine, mkononi mwa mtu mwingine. Na usimwahidi mlalamikaji kwamba hakuna atakayejua. Hutaweza kuchunguza bila kumwambia mlalamikiwa anachodaiwa. Mwambie ukweli: watajua wale wanaolazimika kujua, na hawa hapa ni nani.

Siku ya kwanza ndiyo huharibu kesi nyingi. Kosa kubwa ni kumhamisha mlalamikaji "kwa usalama wake". Amepoteza zamu yake na posho ya usiku, na wenzake wote wameelewa somo. Ukihitaji kuwatenganisha, anayehama ni mlalamikiwa, au anasimamishwa kwa mshahara kamili, na barua iseme wazi kwamba hiyo si adhabu. Siku hiyohiyo nakili picha za kamera, kwa sababu mashine hujifuta yenyewe ikijaa. Ujumbe wa simu uchukuliwe mazungumzo mazima yenye tarehe na nambari, isiwe kipande kimoja kilichokatwa.

Wahoji wawe wawili, mmoja auliza na mwingine aandika. Anza na mlalamikaji, kisha mashahidi, kisha mlalamikiwa. Andika maneno ya kila mmoja kama alivyoyasema, hata yakiwa makali. "Alimshika vibaya" halisaidii mtu. Msomee, arekebishe, atie sahihi. Maswali ya "ulivaa nini" au "mbona hukupiga kelele" hayana nafasi.

Wapo watakaokuambia ungoje polisi wamalize. Usingoje. Mlalamikaji ana haki ya kwenda polisi, na Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 ina kosa lake kwa mwenye mamlaka anayenyanyasa, lakini nidhamu ya kazini ni njia nyingine na kipimo chake cha ushahidi ni cha chini zaidi. Kinachoangusha waajiri mahakamani ni kuruka kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira: mlalamikiwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, asikilizwe, na awe na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Nimeona watu wakimfukuza mtu asubuhi ileile kwa hasira ya haki. Huyo anaweza kushinda kesi na kulipwa fidia ya hadi mshahara wa miezi 12, ingawa alifanya alichoshtakiwa. Barua ya kumtaka ajieleze itaje tarehe, pahali na tendo. Mpe siku za kutosha kujibu. Aliyechunguza asikae kwenye jopo la kusikiliza.

Uamuzi ukitoka, mlalamikaji naye apate barua: malalamiko yamethibitika au hayajathibitika, na hatua zimechukuliwa. Kumwacha ajue kwa uvumi ni kumtukana mara ya pili.

Kulipiza kisasi huja polepole, na hakuna atakayekuletea habari zake. Natazama kwenye orodha ya mishahara. Chukua saa za ziada, zamu za usiku na siku za mapumziko za mlalamikaji na mashahidi kwa miezi mitatu kabla ya malalamiko, ulinganishe na mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu baada yake. Saa za ziada zikikauka bila idara nzima kukauka, mwite anayepanga zamu aeleze kwa maandishi. Kwa vibarua angalia siku walizoitwa, kwani kwao kisasi ni kutoitwa tu.

Gharama yote si ya kutisha: laini ya simu, uchapishaji, chai ya mikutano, na saa za watu, ambazo ndizo nyingi. Kilichochukua muda mrefu kuliko chote ni mikataba ya walinzi, usafi na basi. Kila mmoja uliongezewa kifungu kwamba watu wao wanafuata sera yetu, kwamba tunaweza kumtaka mtu aondolewe eneo letu siku hiyohiyo, na kwamba watatupa mashahidi na kumbukumbu tukichunguza. Wa basi walikataa hadi mkataba ulipofika wakati wa kuhuishwa; hapo wakatia sahihi.