Mkia wa Safu ya Weusi

Tangu nilipokabidhiwa mkanda mweusi, watu wasiofanya karate wameniuliza swali moja kwa namna mbalimbali: je, sasa ninaweza kuwapiga watu wangapi kwa pamoja? Mtihani haukuuliza jambo hilo. Ulipima mbinu za msingi, kata (mfululizo wa mbinu uliopangwa, unaofanywa peke yako) na kumite (kupambana na mwenzako), na katika hayo matatu kata ndiyo iliyonitoa jasho zaidi, kwa sababu ndani yake hakuna mpinzani wa kusingiziwa; kila hatua inajulikana kabla hujaanza, na mtahini anatazama tu kama nyonga, pumzi na macho vinafika pamoja na ngumi au vinabaki nyuma.

Mkanda wenyewe si wa kale kama wengi wanavyodhani. Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, ndiye aliyeanza kutunuku dan, yaani ngazi za mkanda mweusi, katika miaka ya 1880, na Gichin Funakoshi, mtu wa Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, aliyekwenda Tokyo mwaka 1922 kuionyesha karate, aliuazima mfumo huo akatoa dan za kwanza za karate mwaka 1924. Anko Itosu, mwalimu wa Funakoshi, aliyeiingiza karate katika shule za Okinawa na ambaye kwake zimetoka kata za Heian tunazoanza nazo, alifariki mwaka 1915, kabla karate haijawa na dan hata moja. Ninapomfikiria mzee huyo, naona haya kidogo kuuchukulia mkanda wangu kuwa ndio kipimo cha ujuzi. (Siudharau, lakini, niliutamani mno.)

Kilichobadilika kweli ni mahali ninaposimama. Katika dojo, ukumbi wetu wa mazoezi, tunapanga safu kwa ngazi, na mimi niliyekuwa kichwa cha safu ya mikanda ya kahawia sasa ni mkia wa safu ya mikanda myeusi, mdogo kuliko wote walio upande wangu wa kulia. Wakati huohuo wanafunzi wa mkanda mweupe, ambao zamani hawakuwa na sababu ya kunitazama, wananiiga, na huniiga hata pale ninapoinua kisigino cha nyuma kwa uchovu. Sensei, mwalimu wetu, naye hanirekebishi mara kwa mara kama zamani. Hupita, hutazama, hunyamaza, na mimi hubaki nikijikagua kuanzia nyayo hadi mabega nikitafuta alichokiona. Ukimya huo, kwa maoni yangu, ni mzito kuliko mtihani wote, na sidhani kama ningeuvumilia nikiwa bado na mkanda wa kijani.

Juzi mwanafunzi mmoja mgeni aliniuliza kwa nini mkono usiopiga huvutwa hadi nyongani. Mimi nilipofundishwa niliambiwa kwamba ndivyo inavyofanywa, nikaridhika, na pengine mwanafunzi anaruhusiwa kuridhika hivyo. Lakini aliyeuliza alikuwa akiutazama mkanda wangu, nami sikuona kama jibu hilo bado lingenistahili. Nikamweleza kwamba mkono ule unaweza kuwa umemshika mpinzani na kumvuta aingie kwenye ngumi, na kwamba mvuto wake husaidia nyonga kuzunguka. Hakuridhika na maneno. Akaninyoshea mkono wake ili nimshike, tujaribu.