Waya ulionila wiki nzima

Basi ile leithi ya zamani (mashine ya kuchonga chuma kinachozunguka) niliyoifunga mota za stepa, zile zinazozunguka hatua kwa hatua, ikawa inanichezea, inakata vizuri dakika kumi halafu mota ya X, ile inayosogeza kisu kuelekea kwenye chuma, inanguruma tu bila kuzunguka, nikabadilisha dreva (kifaa kinachoipa mota umeme wa kuizungusha) nikabadilisha paua saplai wapi. Kumbe ni waya. Nilitumia ule wa nyumbani wenye kopa moja nene, na mota ya X imekaa juu ya keriji, sehemu inayobeba kisu na kutembea, kwahiyo kila keriji ikienda na kurudi waya unakunjwa palepale. Nilipouvuta ganda likarefuka kama mpira, ndani kopa imeshakatika, ganda nje zima kabisa! Bahati dreva haikuungua, maana mota ikikatika waya huku ina umeme dreva inaweza kufa.

Sasa nimeweka kebo ya nyuzi nyembambanyembamba na ule mnyororo wa plastiki wa kubebea waya. Upande usiotembea nimeufunga katikati ya safari ya keriji, hapo mnyororo unakuwa mfupi, nusu ya safari pamoja na kona basi. Ndani waya nimeziacha huru, usizibane humo, bana kwenye ncha mbili tu. Kona nayo isiwe kali, mi naenda mara kumi ya unene wa kebo.

Waya za limit swichi (swichi za kuisimamisha keriji ikifika mwisho) nimezitenga na za mota, na swichi nimefunga ile inayokaa imeunga mpaka iguswe, waya ukikatika mashine inasimama yenyewe. Bado vinyuzi vya chuma vya moto vinaangukia mnyororo, natafuta bati la kufunikia.