Lile tunda lilikuwa tunda tu jamani

Juzi jioni kijiweni kwetu, kwenye kahawa na kashata, mada ilihama ghafla kutoka Simba na Yanga ikatua bustani ya Edeni, sijui hata nani aliianzisha. Mzee mmoja tunayemheshimu sana pale akasema bila wasiwasi kwamba walichokula Adamu na Hawa sio tunda, ni "ile shughuli", ila wachungaji wanaona aibu kusema. Watu wakacheka wakaitikia, na mi sishangai maana nimekua nikisikia hivyohivyo, si ndo maana mtaani ukisema fulani kala tunda hakuna anayefikiria embe.

Sasa mi nina kaugonjwa kangu ka kubisha, nikatoa simu nikafungua Mwanzo palepale. Sura ya 1 mstari wa 28 Mungu anawabariki anawaambia "Zaeni, mkaongezeke", yaani ruhusa ilishatoka. Halafu katazo la ule mti Adamu anapewa sura ya 2 mstari wa 17, Hawa kaumbwa mstari wa 22, sasa mzee wangu, nikamuuliza, kama hicho kitu ndo chenyewe alikuwa anakatazwa kukifanya na nani? Na sura ya 3 inasema Hawa alikula kwanza ndo akampa mumewe, hiyo shughuli mtu anaitanguliaje? Kijiwe kizima kikaangua kicheko, mzee akanywa kahawa yake taratibu akasema "mbona baada ya kula wakajiona wapo uchi?" Nikakiri hapo ana hoja, na nadhani ndipo hii hadithi yote ilipochipukia, lakini kuona aibu ni kitu kimoja na tunda kuwa ndo tendo ni kitu kingine.

Na wale wanaosema lilikuwa tufaha nao hawana andiko. Mwanzo haitaji jina la tunda, mti unaotajwa kwa jina pale ni mtini, tena ni kwa ajili ya majani waliyoshona kujisitiri. Wengi wanasema tufaha liliingilia kwenye Kilatini, ambako neno la "ovu" na neno la "tufaha" yanafanana, alafu wachoraji wa Ulaya wakamaliza kazi.

Jamaa mwingine, ustadhi wetu wa pale, akafurahi akidhani leo ni zamu ya Wakristo tu. Nikamwambia na sisi tunabeba vya kwetu kaka. Nyoka hayupo kwenye kisa cha Adam ndani ya Qur'ani, yupo Shetani, na jina la Hawa halimo kabisa, anaitwa mke wa Adam. Hii ya kusema mwanamke ndo alimponza mwanaume pia haimo, sura ya Al-A'raf inasema Shetani aliwatia wasiwasi wote wawili, na sura ya Taha ndo kabisa, anayesemeshwa ni Adam. Ubavu nao upo kwenye hadithi za Mtume, ndani ya Qur'ani utakuta "nafsi moja". Akanyamaza kidogo akasema ataenda kuangalia, na mi napenda mtu wa hivyo kuliko anayepandisha sauti. Kuhusu Adam kushukia Sri Lanka na Hawa Jidda wakaja kukutana Arafa, hayo ni masimulizi, matamu kweli, lakini aya yake hutaipata.

Ila iliyonichekesha zaidi ni ya mbavu. Kijana wa bodaboda akaapa kwamba wanaume tuna ubavu mmoja pungufu, eti kafundishwa toka darasa la tatu. Mwanaume ana mbavu 24 na mwanamke 24 (wapo wachache wanaozaliwa na wa ziada, wanaume kwa wanawake), na hata ungechukua Mwanzo neno kwa neno, baba akikatwa kidole mtoto hazaliwi bila kidole. Hakuamini. Akafungua vifungo vya shati akaanza kujihesabu pale mbele ya watu, akafika 9 akapoteza hesabu, akaanza upya, muuza kahawa akamwambia huku bei ni kwa kikombe sio kwa ubavu.

Mzee wa tunda wakati anaaga akaniinamia sikioni, "we kijana umesoma, sawa, lakini embe halimfukuzishi mtu nyumbani."

Mpaka leo sijapata jibu la kumpa.