Asubuhi Kidoa alipokataa tikiti maji

Nina kuku saba nyuma ya nyumba, na nawajua kwa vyakula wanavyopenda kuliko ninavyowajua kwa rangi. Wale wawili wekundu wamefanana mno, lakini ukitupa konzi ya chenga za mahindi, mmoja ataruka juu ya wenzake na mwingine ataendelea kuchakura majani kana kwamba hajaona. Mweusi anakula pilipili, mbegu na vyote, kwa sababu ndege hawausikii ule ukali unaotuchoma sisi. Kidoa, mwenye madoa meupe mgongoni, ni wa tikiti maji. Akiniona na kisu tu, anakuja mbio amefungua mabawa.

Ndiyo maana nilishtuka asubuhi ile nilipoweka kipande mbele yake, akakitazama, kisha akageukia ukutani. Wenzake walikimaliza huku yeye amesimama pale, amejikunyata, manyoya yamefura, mkia umeshuka. Ningekuwa mtu wa kumwaga chakula na kuondoka, nisingeona chochote. Kuku huficha ugonjwa hadi anaposhindwa, maana mnyonge kwenye kundi hudonolewa.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kideri, ule ugonjwa wa kuambukiza unaoua kuku. Wote walikuwa wamechanjwa, lakini hofu haiulizi chanjo. Nikaangalia shingo, haikujipinda. Nikasikiliza pumzi, haikuwa na mkoromo. Kinyesi kilikuwa kidogo sana, lakini hakikuwa cha kijani. Nikadhani basi yai limekwama. Nikampapasa tumboni hadi karibu na njia ya kutagia, sikugusa kitu kigumu, na jana yake tu alikuwa ametaga. Kuku huchukua kama saa 25 kutengeneza yai moja, kwa hiyo sikuona sababu ya kuling'ang'ania wazo hilo.

Nilikuwa karibu kumwachia, ndipo mkono wangu ulipopita chini ya shingo, upande wa kulia, pale ulipo mfuko unaopokea chakula kabla hakijashuka kwenye firigisi. Ulikuwa umejaa, mgumu kama donge la unga uliokandwa bila maji ya kutosha. Na ilikuwa alfajiri, hajala kitu! Usiku kucha mfuko ule hupaswa kujimwaga taratibu, kuku akiamka uwe mtupu. Wa Kidoa ulikuwa umeziba.

Chanzo nilikijua papo hapo, na bado kinaniuma. Siku chache kabla nilikuwa nimefyeka nyasi na kuwaachia mashina marefu, nikiamini nimewafanyia karamu. Kuku hana meno. Nyasi ndefu zilizokomaa hujisokota ndani ya mfuko zikawa kama kamba.

Shangazi yangu aliniambia nimgeuze kichwa chini nimkamue. Nilimpigia kwanza daktari wa mifugo, naye akanikataza kabisa: vilivyomo vikipanda vinaweza kuingia kwenye njia ya hewa, kuku akafa mikononi mwako. Akaniagiza nimtenge mahali pa joto na utulivu, nisimpe chakula kigumu siku hiyo, maji yawepo muda wote, nimdondoshee matone machache ya mafuta ya kula kando ya mdomo, halafu nikande ule mfuko polepole mara kadhaa kwa siku. Kama ungekuwa laini, unachezacheza kama puto la maji na mdomo unanuka uchachu, alisema, hilo ni tatizo jingine na nimpeleke akamwone.

Nilimweka kwenye boksi jikoni. Siku ya kwanza nilikanda na kukanda, donge halikusogea. Usiku niliamka mara mbili, nikamkuta amefumba macho, nikamgusa kujua kama bado ana joto. Siku ya pili, jioni, nilihisi kitu kimeachia chini ya vidole, kama fundo la uzi linapoanza kulegea. Kinyesi chake cha asubuhi iliyofuata kilikuwa na nyuzi za nyasi ndani, na sijawahi kufurahia kinyesi namna ile. Siku ya nne mfuko ulikuwa bapa. Nikampa chakula chake kilicholowekwa, kijiko kimoja, nikasubiri, kijiko kingine.

Kumrudisha kulikuwa na kazi yake. Kundi la kuku lina ngazi, na aliyetoka siku tano huonekana mgeni. Nilimweka kwenye kizimba ndani ya uwanja siku mbili, waonane bila kugusana, kisha usiku wa pili nikampandisha kwenye kichanja katikati ya wenzake wakiwa wamesinzia. Mwekundu mmoja alimdonoa asubuhi, mara moja tu, yakaisha.

Tangu hapo nyasi nazikata fupi kuliko kidole ndipo nawapa, na kuna bakuli la changarawe ndogo muda wote, kwa kuwa firigisi husaga kwa vijiwe hivyo. Vitamu vinakuja baada ya chakula chao cha kutagia, wala havizidi sehemu moja ya kumi ya mlo wa siku. Kuku wa mayai hula kama gramu 120 kwa siku, na akijaza tumbo kwa tikiti anakosa chokaa ya kutengenezea ganda. Maganda ya parachichi, maharage makavu mabichi na viazi vilivyogeuka kijani havifiki kabisa kwao.

Jambo ninalolithamini zaidi ni dakika mbili za kupapasa. Jioni wakiwa kwenye kichanja napitisha mkono: mfuko uwe umejaa. Asubuhi napitisha tena: uwe mtupu. Kwa mkono huohuo nimegundua utitiri kwenye manyoya ya yule mweusi, wale wadudu wanaojificha kwenye nyufa za mbao mchana na kunyonya damu usiku, kabla upanga wake wa kichwani haujapauka.

Kidoa alikaa wiki mbili bila kutaga. Yai la kwanza lilikuwa na ganda jembamba, la pili likawa zuri. Tikiti alilirudia siku ya tisa. Alikuja akitembea, hakukimbia, akadonoa katikati palipo pekundu, akainua kichwa kumeza, akadonoa tena.